Fundi wa Viti na Mama Mkwe Wangu

Alizaliwa kijiji gani, babu yake alikuwa nani, alisoma hadi darasa la ngapi, mimi sijui na sikuwahi kuuliza. Mwenye kutaka hayo akaulize Mapera, kwa ndugu zake. Mimi nilimjua akiwa tayari mzee wa baraza la nyuma ya soko la Mbinga, amekaa kwenye kigoda chenye mguu mmoja mfupi, mdomo umejaa misumari midogo, na mbele yake kiti cha gari kimepinduliwa miguu juu. Mji mzima tulimwita Fundi wa Viti. Nadhani hata mke wake alimwita hivyo.

Ile misumari ndiyo iliyomfanya aonekane mtu wa maneno machache. Aliusukuma mmoja kwa ulimi hadi kwenye midomo, akaushika kwa vidole viwili, akaupiga nyundo mara mbili, ukazama. Ukimwamkia aliitikia kwa pua, na wageni walidhani ana maringo. Lakini akiitema yote mkononi, hapo ujue una kesi, maana atakachosema kitakuwa kirefu na hakitakufurahisha.

Zamani alikuwa fundi wa karakana ya ushirika, enzi zile kahawa yote ya huku ilipitia mlango mmoja na gari lolote la maana lilikuwa la ushirika. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao, karakana ikafungwa, magari yakapigwa mnada, na mafundi wakaambiwa kila mtu ajue lake. Wenzake wengi walirudi shambani wamenuna. Yeye aliinunua palepale mnadani ile cherehani nzito ya kushonea turubai, akaisukuma kwa toroli hadi nyuma ya soko, na kesho yake asubuhi alikuwa kazini. Nilimuuliza siku moja kama hakuumia. Alisema, "Makalio hayajui ushirika wala mtu binafsi. Yanajua yamekaa wapi, basi."

Neno hilo alilitamka mbele ya kila mtu, walimu na masista wakiwemo, bila kupepesa jicho. Kwake lilikuwa neno la kazi, sawa na sponji au springi. Macho, alisema, yanadanganywa na rangi mpya kwa wiki moja. Makalio hayadanganyiki hata kwa safari moja ya kutoka Mbinga mpaka ziwani. Ndiyo maana gari likiletwa kwake hakulizunguka kuangalia bodi kama wanavyofanya wanaume wote. Alifungua mlango, akaingiza kichwa, akanusa. Kwa pua tu alikwambia gari hili limebeba kahawa mbichi, hili limebeba wagonjwa, hili mwenyewe anakunywa na anatema nje lakini haifiki. Harufu ya usipa ndiyo aliyoichukia kuliko zote. Sisi tuliokuwa tunashuka ziwani kuchukua dagaa hao wakavu alituita "watu wa harufu", na kiti kilichowahi kulowana maji yao hakukiosha: alikivua nguo zote, akatupa sponji, akaanika fremu juani siku tatu, akaisugua kwa jivu. Kumbe huyohuyo rafiki yake mkubwa alikuwa mzee mmoja wa Ngumbo, mvuvi kabisa, aliyempandishia magunia ya sufi kutoka misufi ya huko. Mzee yule akifika, walikaa barazani kutwa nzima wakitukanana, mmoja akisema watu wa milimani hawaogi, mwingine akisema watu wa ziwani wanaoga kwa sababu wananuka. Wakati wa chakula walikula usipa, tena kwa sahani moja.

Alijaa mambo ya namna hiyo. Suruali yake ilikuwa na kiraka juu ya kiraka, na si kiraka chake, ni cha mke wake, kilichopinda. Kigoda chake nimeshakisema. Kilimyumbisha kila alipopiga nyundo, na ukimwambia akitengeneze alijibu kwamba fundi akikaa vizuri atasinzia. Nyumbani kwake, wanasema, hakukuwa na kiti chenye mto. Lakini mlango wa gari la mtu mwingine ukifungwa ukatoa mlio usio wake, alikuwa anaufungua tena, anaondoa ubao wake, anatafuta mlio huo mpaka adhuhuri.

Kazi yenyewe aliianza kwa swali moja: nani atakaa hapa? Wewe ulidhani umeleta kiti, yeye alitaka watu. Kwenye baraza lake alikuwa na gunia la pumba, kubwa, lililoshindiliwa. Kila mtu aliyetarajiwa kukalia kiti hicho mara kwa mara sharti aje alikalie gunia, ainuke polepole, naye apime shimo lililobaki kwa viganja vyake. Mtu mnene alitaka springi hizi, mwembamba zile. Mwenye mgongo mbovu alishonewa mto mdogo kiunoni bila kuomba. Padri mmoja wa huku milimani alikuja kutengenezewa kiti cha gari la parokia, akaomba kiwe laini sana kwa sababu safari zake za vigango ni ndefu. Fundi alimpa kiti kigumu kama benchi la kanisani. Padri alipolalamika, alitema misumari akasema, "Baba, wewe ukisinzia kwenye kona za mlima, nani atatuzika sisi?" Padri alicheka mpaka akashika mlango, akaondoka na kiti chake kigumu.

Gunia hilo lilifichua mengi. Mfanyabiashara mmoja aliambiwa amlete mkewe apimwe. Akaleta mwanamke, akapimwa, kazi ikaanza. Jumamosi mke halisi alipita kununua ndizi akaona gari la mumewe, akauliza, naye fundi kwa moyo mweupe akamwambia, "Ah, dada, kiti cha mke wake kiko tayari, njoo ukione." Aliapa baadaye kwamba hakujua. Akina mama wa ndizi, ambao genge lao lilikuwa hatua kumi kutoka barazani, waliapa kwamba alijua vizuri sana.

Jambo alilolijali kupita yote ni chini. Simaanishi chini ya gari, namaanisha chini ya kitambaa. Mafundi wengine walikuwa wanafunika: springi imekatika, wanaweka gunia juu, wanaweka leza mpya inayong'aa, mteja anaondoka anatabasamu. Yeye akifumua kiti na kukuta kazi ya namna hiyo, alimwita kila aliyekuwa sokoni aje aone. "Huu ni uongo," alisema, akiinua gunia lililooza kwa ncha ya mkasi. "Umeshonwa vizuri, lakini ni uongo." Vifuniko vya viti vya dukani vilipoanza kuja, vile vya manyoya na vyenye madoa ya chui, vijana wakavinunua kwa fujo. Yeye aliviita makoti ya kuazima. Hakuwa na wivu navyo. Alikuwa na uhakika, kama mtu anayejua mvua itanyesha, kwamba mwisho wenye navyo watamrudia. Wengi walirudi kweli.

Basi, mimi nilimjua hasa kwa sababu ya pikapu.

Niliipata kwenye mnada uleule wa ushirika, na wenzangu walinicheka. Injini ilikuwa nzima, bodi ilikuwa nzima, lakini ndani hapakuwa mahali pa kuingiza binadamu. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti. Springi mbili zilikuwa zimetokeza nje zinamngoja mtu. Dari lilikuwa limeachia likaning'inia hadi kwenye paji la uso wa dereva, dashibodi imepasuka kwa jua, na sakafuni kulikuwa na tundu ambalo ukiendesha unaona barabara inapita. Nilikuwa nimeanza biashara ya kushusha maharage na unga ziwani na kupandisha usipa, na nilitaka gari la kazi tu, hivyo nikaiendesha hivyohivyo miaka michache, gunia juu ya springi, kabla ya kumpelekea fundi. Fundi alinusa, akaguna, akaingiza mkono chini ya kiti, akapapasa mshono. Uso wake ukabadilika. "Hiki nilikishona mimi," alisema. "Kabla mke wako hajaota meno."

Aliivua pikapu yote. Tundu la sakafu alilifunika kwa bati la pipa, na juu yake, badala ya kapeti, akatandika mpira wa mkanda mkuukuu wa mashine ya kusaga, mzito, usiopenya maji. Dari alilishona kwa kaki, akalibana kwa vipande vya mianzi vilivyopindwa kwa mvuke. Dashibodi aliivika leza nyeusi na mshono ukaingia ndani ya mfereji usiouona mpaka uelekezwe kwa kidole. Mbao za milango alikata mpya. Nilikuwa napita kila siku kuangalia, na nakiri kwamba nilianza kulipenda gari lile kwa namna isiyofaa kusemwa mbele ya mke.

Siku aliyofika kwenye kiti akauliza swali lake. Nikamjibu: mimi, mara chache mke wangu, na kila mwezi mama mkwe.

Akaitema misumari mkononi. "Mama mkwe? Wewe na mama mkwe kwenye kiti hiki?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida yangu yote, nami nilikuwa natarajia asiione. Pikapu za zamani mnazijua: mbele ni kiti kimoja kirefu, kutoka mlango hadi mlango. Na huku kwetu heshima ya ukwe haina mchezo. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni wanapoongea, na hawakai kiti kimoja. Vijana wa leo wanacheka. Sisi hatukucheka, na mama mkwe wangu ndiye asiyecheka kuliko wote. Alikuwa mama wa Lipingo, kule ziwani, Mwanglikana wa kusimama wima, mjane, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuipinga. Mimi Mkatoliki wa milimani nilipomposa binti yake alichukua mwaka mzima kukubali, na alipokubali alinipa heshima yote ya ukwe bila kupunguza hata punje. Tulizungumza kupitia watu. Akiwa na la kuniambia alimwambia mtoto, nami nimesimama palepale nasikia.

Presha ilimpata, daktari wa Mbinga akamtaka kila mwezi. Mke wangu alikuwa mwalimu, hawezi kuacha darasa kila mwezi kumfuata. Gari lililokuwa linashuka na kupanda ni langu. Basi mama alipanda, lakini alipanda nyuma, juu ya magunia ya usipa, amejifunika kanga mbili na turubai. Mbele, pembeni yangu, kiti kilikuwa kitupu. Watu tuliowapita njiani walinitazama mimi ndani na yeye nje, na sijui walisema nini, ila nilijua ningesema nini ningekuwa wao. Nyinyi wa milimani mnajua baridi ya mwezi wa sita inavyokata. Yeye alikuwa mtu wa joto la ziwani. Masika ya kwanza alipata kichomi. Tulimwangalia wiki tatu hajui mchana wala usiku. Alipopona, mke wangu aliniambia maneno ambayo sikuyasahau: "Akipanda nyuma masika nyingine, mimi namzika mama yangu. Na wewe utakuwa umemwendesha."

Nilimweleza fundi yote hayo. Alisikiliza, akarudisha misumari mdomoni, akasema kwa pua, "Tutavifanya viwili."

Akafanya. Alishona mito miwili ya kukalia na migongo miwili, leza ya kahawia, na katikati akasimamisha mto wa duara, mnene, wa kufika kiwikoni, mfano wa ukuta mdogo. Ukifungua mlango unaona viti viwili, mtu huku na mtu kule. Nilivipenda sana. Akina mama wa ndizi walikuja kutazama, wakasema hata askofu angekaa hapo na mkwe wake.

Mama alipofika mwezi ule, nyuma, juu ya magunia kama kawaida, nilimpitisha barazani moja kwa moja. Alimwitikia fundi shikamoo yake, maana ingawa walikuwa karibu rika moja, fundi alimwamkia kwa heshima ya mgeni. Akatazama viti. Akasifu mshono. Kisha akainama, akaingiza mkono chini ya mto wa kushoto, akausogeza taratibu kuelekea upande wa dereva, mkono wote hadi bega. Akautoa. "Fundi," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "nguo ni mbili, chuma ni kimoja."

Akina mama wa ndizi waliacha kuuza. Yule mzee ambaye kwa miaka yote aliinua magunia ya mafundi wengine kwa ncha ya mkasi, leo ameambiwa hadharani na mama wa ziwani kwamba chini ya kitambaa chake kuna uongo. Sikumwona akiona haya kabla ya siku hiyo. Alitazama nyundo yake. Mwishowe akasema, "Ni kweli, mama." Mimi nilikuwa na hasira, na nitasema wazi kwamba hasira yangu ilikuwa kwa mama. Niliona mtu anayechagua kufa kwa ajili ya bomba la chuma lililo chini ya mto.

Alilala kwetu siku mbili kwa ajili ya kliniki. Siku ya kuondoka alitoka alfajiri, akasema anakwenda kusali. Alirudi, akapanda nyuma, nikamshusha Lipingo kwenye mvua nyembamba isiyokatika, na wiki ileile tukapata habari kwamba anakohoa tena.

Fundi aliniita nimrudishie gari. Safari hii alining'iniza turubai mbele ya baraza, akafanya kazi nyuma yake siku tatu, na hata mimi hakuniruhusu kuchungulia. Tulisikia msumeno wa chuma. Siku ya nne akafungua turubai. Viti vilikuwa kama vile vya kwanza, ila mto wa katikati ulishuka sasa mpaka sakafuni na kushonewa pande zote, na mkononi alikuwa ameshika kipande cha chuma, urefu wa shubiri, ncha zote mbili zinang'aa kwa msumeno. Alikiinua juu kila mtu sokoni akione. "Nimekata," alisema. Kisha akaniambia mimi, pembeni, "Kiti hiki kikikusumbua, usikifungue wewe. Niletee mimi. Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Mama alipokuja aliinama vilevile, akaingiza mkono vilevile hadi bega. Alikaa nao kule kitambo kirefu mpaka nikaanza kusali kimoyomoyo. Akautoa, akaufuta kwa kanga, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye ndizi, "Viko viwili." Akapanda mbele. Akafunga mlango mwenyewe.

Nilijigamba, sitaficha. Kwa miaka saba nilisimulia kila kilabu na kila harusi jinsi mimi na fundi wangu tulivyoushinda ukaidi wa mama mkwe kwa msumeno. Nilisimulia vizuri, watu walicheka.

Na safari zenyewe zilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili. Mwanzo tulikaa kimya, yeye ametazama nje dirishani kwake. Mwezi wa tatu au wa nne akaanza kuzungumza na kioo cha mbele. "Mtu angeona mbuzi wale, angepunguza mwendo," alisema, nami nikapunguza. "Mtu akiwa hajala tangu asubuhi, kuna mihogo kwenye kapu hili." Nami nikajifunza kukijibu kioo. Kupitia kioo kile alinisimulia habari za mume wake, mafuriko ya zamani, watoto wawili waliomfia kabla ya mke wangu kuzaliwa. Kupitia kioo nilimwambia biashara yangu ilipoyumba, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Tulipita kona tatu, kisha akakiambia kioo kwamba mwanamume anayeogopa ni afadhali kuliko anayejidai. Masika zikaja na kupita. Kichomi hakikurudi.

Fundi aliacha baraza miaka hiyohiyo. Magari ya mitumba kutoka ng'ambo yalikuja na viti vyake vizuri, na macho yake nayo yalianza kufunga ukungu. Hakulalamika. Aliuza cherehani, akarudi Mapera kwenye kahawa yake.

Mama alifariki kwa presha ileile, nyumbani kwake, asubuhi, akiwa amekaa. Tulimzika Lipingo. Baada ya arobaini nilikuwa na safari ya Mapera kufuata maharage, nikaona si vizuri kupita bila kumwamkia mzee. Nilimkuta uani, amekaa mbele ya kichanja cha kuanikia, anachambua kahawa kwa vidole kwa sababu macho hayakumsaidia tena.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Nimelisikia gari. Mlango wa kushoto unahitaji mafuta." Akasogea kunipa nafasi kwenye benchi. "Pole kwa mama."

"Nimeshapoa, fundi. Arobaini tumemaliza juzi."

"Basi na mimi nimemaliza," alisema. "Alinifunga mdomo kwa uhai wake tu." Akachambua punje mbili tatu, akazitupa. "Chuma cha kiti chako sijakikata."

Nilidhani ni uzee. Nikamkumbusha kile kipande alichotuonyesha.

"Kile cha kitanda kibovu cha jirani. Wale wa ndizi walikuwa wanatazama, na habari za sokoni zinafika Lipingo kabla ya gari." Hakuwa anacheka. "Siku ile aliyosema anakwenda kusali, alikuja kwangu. Alinikuta nafagia. Akaniuliza, fundi, chuma kile kinakatika? Nikamwambia kinakatika, lakini kina kutu, hakishiki kuchomelewa, na kila nusu itabaki na miguu miwili. Kwenye makorongo ya mlimani kitang'oka, na mkweo ndiye ameshika usukani. Akafikiri. Akasema, basi usikikate. Shona hadi sakafuni, mkwe wangu aamini. Nikamwambia, mama, mimi sishoni uongo. Akasema, mimi hunidanganyi, nitajua. Lakini mkwe wangu akijua hataweza kukaa. Ataendesha amejibana mlangoni kwa haya mpaka atuangushe. Aibu ya mtu mmoja inatosha, fundi. Niachie mimi."

"Lakini alipima," nilisema. "Mbele ya watu wote. Aliingiza mkono."

"Nilimwachia tundu. Sikutaka kumdanganya yeye. Mkono wake ulifika, akakishika chuma kizima, akatoka akasema vile alivyosema." Akanigeuzia yale macho yenye ukungu. "Katika kazi zangu zote hiyo ndiyo moja iliyo na uongo chini. Aliniomba mtu aliyekuwa anajua zaidi yangu."

Nilimuaga nikiwa sijui nimemuaga kwa maneno gani. Kumbe miaka ile yote, kila mwezi, mimi nilikuwa nimekaa kwa raha kwa sababu mtu mwingine amekaa kwa shida. Yeye ambaye hakupunguza heshima hata punje aliivunja kila alipofunga ule mlango, akijua, peke yake, ili mimi niendelee kuwa mkwe mwenye heshima mbele ya watu na mbele ya nafsi yangu. Na mimi nilikuwa nakwenda harusini kumcheka.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Nilizima injini nikabaki nimekaa, nikalia, na sioni haya kuandika hivyo. Mke wangu alitoka, akasimama upande wa kushoto, akaniuliza kupitia dirishani nafanya nini garini muda wote huo peke yangu. Nilimwambia namwomba mama yake msamaha.